TAHADHARI: "Titaniamu" ya laki mbili na themanini ni chuma kilichopakwa rangi

Ndugu zangu wa pikipiki, nimepigwa. Shilingi 280,000, taslimu, mchana kweupe. Mnaojua ninavyowasema wanaonunua spea bila kukagua, chekeni mmalize, halafu msome.

Sailensa niliyouziwa kama titaniamu imeandikwa Akrapovič, kampuni ya Slovenia ambayo vitu vyake halisi ni ghali mara kadhaa ya hapo. Bei peke yake ilitosha kunishtua. Lakini yule jamaa aliyeniuzia alianza yeye kuuliza maswali: shingo ya ekzosi ina milimita ngapi kwa nje? Ni kabureta au injekta? Akasema mdomo wa sailensa ni milimita 51, kwa hiyo Boxer yangu itahitaji kipunguzio, kile kipande cha kuunganishia bomba dogo na mdomo mkubwa. Mtu anayeuliza hivyo unamdhania tapeli? Nilimwona fundi.

Akatoa sumaku mwenyewe. Hapo ndipo nilipoliwa. Akaigusisha kwenye kifuniko cha nyuma, haikushika. Akaigusisha kwenye mdomo wa mbele, haikushika. "Unaona kaka, titaniamu hiyo." Katikati hakugusa! Kifuniko ni alumini na mdomo ni stenlesi ya aina ya 304, navyo havishiki sumaku. Mwili mzima wa katikati ni chuma cha kawaida. (Msiitegemee sumaku kwa kila kitu: stenlesi ya 409, inayotumika sana kwenye ekzosi za kiwandani, inashika na si feki.) Na mikono yangu ilishajua, maana lile dude lilikuwa zito. Titaniamu ni gramu 4.5 kwa sentimita moja ya ujazo, chuma ni 7.8. Akaniambia uzito ni wa sufu ya ndani ya kupunguza sauti. Nikakubali. Sufu ya kioo!

Ile bluu na zambarau ya "joto" ilitoka yote kwa kitambaa chenye thina. Rangi ya joto la kweli haifutiki hivyo.

Kipunguzio chake ni bati lililokunjwa, lenye upenyo. Ukiachia gesi kwenye mteremko, hewa inaingia hapo, petroli isiyoungua inawaka ndani ya bomba: pa, pa, pa. Nikachongesha kipya kwa fundi mashine, nikaweka gasketi mpya pale ekzosi inapoungana na kichwa cha injini, milio ikaisha. Ila plagi ikatoka nyeupe na injini ikawa inakohoa gesi ikiwa katikati. "Funga tu, haihitaji kutuni," alisema. Mwongo mkubwa. Ekzosi iliyo wazi kuliko ya kiwandani hupitisha hewa zaidi, na jeti (kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli) inabaki ileile, mchanganyiko unakosa petroli na injini inachemka. Panda jeti kubwa hatua moja, mathalani 100 kwenda 102, kimbiza gesi ikiwa wazi kabisa, zima injini papo hapo huku umeshika klachi, kisha soma plagi. Unatafuta rangi ya chai ya maziwa. Ikikohoa katikati tu, usihangaike na jeti kubwa, hiyo ni sindano ya kabureta: shusha klipu yake tundu moja ili sindano ipande. Na aliniahidi nyongeza ya nguvu 5 za farasi kwenye injini yenye 12 hivi, nami nikaitikia kwa kichwa!

Siku ya nne sufu ikaanza kutoka nyuma kama mvi. Bomba la ndani limetobolewa matundu makubwa mno, na sufu haikushindiliwa.

Huyu akamatwe. Afungwe, ale ugali bila mboga, na hiyo sailensa afungiwe shingoni atembezwe sokoni. Hela sizitaki tena, namtaka yeye.

Dalili, kwa kifupi: sumaku ni yake, hakuna namba ya toleo, hakubali uipime kwenye mizani, na risiti "ataituma jioni". Simu imezimwa. Ukurasa wake wa mtandaoni umebadilishwa jina, ila picha ni ileile: sailensa imelazwa juu ya kitambaa chekundu, upande wa mdomo umekatwa usionekane.