Oude Geuze Boon mezani: ndimu weka pembeni

Nimeijaribu Oude Geuze Boon na vyakula vya kila aina, na kanuni yangu imebaki moja: bia hii ndiyo ndimu yenyewe. Chakula ambacho ungekikamulia ndimu kitaelewana nayo. Chakula chenye siki, ndimu au ukwaju tayari kitaiua.

Inatengenezwa Lembeek, kusini-magharibi mwa Brussels, Ubelgiji. Kioevu cha kimea cha shayiri na ngano huchemshwa, kikaachwa kipoe wazi na kupata vijidudu vya hewani badala ya hamira ya kununua, kisha kikachachukia kwenye mapipa ya mbao. Hiyo ndiyo lambiki. Geuze ni lambiki changa iliyochanganywa na ya zamani, hadi ya miaka 3. Ile changa bado ina sukari, nayo ndiyo inayozalisha gesi ndani ya chupa. Unapata uchachu mkavu, mapovu madogo yanayochoma ulimi, na kilevi asilimia 7.

Simamisha chupa wima siku nzima ili mashapo yatulie. Itoe kwenye friji mapema, ifike nyuzi 10 hadi 12. Ikinywewa ya baridi sana, harufu ya maganda ya balungi na mbao inajifunga, unabaki na ukali mtupu. Inamisha glasi, mimina taratibu, na mashapo yaache chini ya chupa.

Kwa kome, nahesabu kilo 1 kwa kila mlaji. Lainisha kitunguu, liki na seleri kwenye gramu 30 za siagi, tia kome, mimina mililita 150 za geuze, funika, moto uwe mkali. Baada ya dakika 4 au 5 watakuwa wamefunguka; wasiofunguka tupa. Epua hapo hapo. Wengi huuacha mchuzi uendelee kuchemka ili uwe mzito, na hapo ndipo unapoharibika: maji yanakwenda na mvuke, asidi inabaki, meno yanapata ganzi. Chumvi usitie kabla ya kuonja, maana kome huja na maji yao ya bahari. Pembeni weka chipsi na mayonezi. Mafuta yanatuliza uchachu, bia nayo inaondoa mafuta ulimini, na kila tonge linakuwa kama la kwanza.

Lakini ukinilazimisha kuchagua kimoja, nitachukua mkate wa Brussels: kipande kinene, jibini nyeupe laini isiyokomaa, figili iliyokatwa nyembamba hadi mwanga unapenya, majani ya kitunguu, chumvi na pilipili manga. Jibini ile ina uchachu wa maziwa, mpole, usioshindana na bia.

Samaki wa kukaanga na kuku wa kuchoma wanakwenda nayo vizuri sana, mradi hujawalaza kwenye ndimu. Kachumbari hapana. Pilipili kali pia hapana, gesi na asidi huuchochea moto wake. Keki tamu ndiyo mbaya kuliko vyote: baada ya sukari, geuze inakuwa kama siki.

Chupa ya sentilita 37.5 inatosha watu wawili. Ikibaki, kesho yake gesi imeisha. Itie kwenye mchuzi wa kuku wenye malai, vijiko 3 tu, mwishoni.