Boksi la kupima PFAS kwenye maji ya kisima: nimelitumia, haya ndo niliyoyaona

Mimi nakaa Litchfield, jimbo la New Hampshire huku Marekani, nyumba ya kupanga, maji ni ya kisima, na tangu nihamie nilikuwa nachemsha maji ya kunywa kama mama alivyonifundisha Tanga, nachemsha, napooza, najaza jagi, roho inatulia. Mpaka jirani akaniuliza kama nimeshapima PFAS. Nikamjibu nachemsha, akanambia kuchemsha hakusaidii kitu, nikarudi ndani nimenyong'onyea kabisa.

Na kweli hakusaidii. PFAS ni zile kemikali za vikaango visivyoshika, makoti ya mvua, povu la zimamoto, haziozi na hazifi kwa moto wa jiko, maji yanapungua zenyewe zinabaki palepale. Hazina harufu wala rangi. Huku zilijulikana 2016 pale mji wa Merrimack ng'ambo ya mto, moshi wa kiwanda cha kupaka vitambaa ulikuwa unatua kwenye udongo na mvua inazishusha hadi kwenye visima vya watu.

Basi nikaagiza boksi la maabara moja, karibu dola 300 kwa kila kitu. Ghali jamani, ila kabla ya kulipa nilihakikisha wana kibali na wanapima kwa mtindo wa 533 au 537.1 (ndo njia za EPA, idara ya mazingira ya serikali kuu, za kupima PFAS kwenye maji ya kunywa), hiyo msiiruke, maana tunaongelea nanogramu, yaani sehemu ya bilioni ya gramu, kwenye lita nzima na si kila kipimo kinaziona.

Kuchota maji ndo kazi yenyewe. Usipake losheni asubuhi hiyo, usivae koti la mvua, vaa gluvu, fungua bomba dakika tano ndo ukinge, na ule unga mweupe ndani ya chupa usiusuuze, ni dawa ya kutunza maji. Kuna chupa ina maji safi ya maabara, unayamimina kwenye chupa tupu hapohapo jikoni, wakikuta PFAS humo wanajua uchafu umetoka kwako sio kisimani. Hiyo nimeipenda sana.

Sasa kilichoniudhi ni majibu. Wiki tatu nasubiri, inakuja ripoti ya kurasa sita, namba tupu, hakuna hata sentensi moja ya kukwambia unywe au usinywe. PFOA, moja ya hizo PFAS, yangu ilikuwa nanogramu 23 kwa lita. Nikatafuta mwenyewe, kiwango cha juu kinachoruhusiwa na jimbo ni 12, na kile cha serikali kuu cha 2024 kwa maji ya umma ni 4. Nilikaa kwenye ngazi nikamwangalia mwanangu anakunywa uji uliopikwa na maji yale. Kuna Wakongo wengi hapo Manchester ya huku New Hampshire wanaohamia nyumba za visima, Kiingereza bado kinawapiga chenga, ripoti kama hii watafanya nayo nini?

Nilimpelekea mwenye nyumba karatasi ileile, akaweka filta ya osmosisi, ile inayosukuma maji kupita kwenye utando mwembamba, chini ya sinki, nikapima tena bombani, PFOA haikuonekana kabisa. Bila ile namba asingenisikiliza, kwa hiyo pesa yangu sijutii.

Nyota nne, ya tano nimewanyima kwa sababu ya ripoti. Mkiagiza, chukueni maji Jumatatu na mtume siku hiyohiyo, barafu haiji na boksi unajinunulia, na likilala posta wikendi inayeyuka yote.