TAHADHARI: Habu za USB-C zenye tundu la bluu na pini nne tu

Wadau, kuna muuzaji wa mtandaoni anauza habu za USB-C, vile vidude vya kuongeza matundu kwenye laptopi au kishikwambi, ambazo tangazo lake ni uongo mtupu, na ukimbana ana mbinu za kukuzungusha mpaka muda wa kurudisha bidhaa uishe. Jina la duka silitaji kwa sababu halitawasaidia: duka linafungwa leo, kesho picha zilezile na maelezo yaleyale yanatokea kwa jina jingine. Kinachobaki vilevile ni bidhaa yenyewe na mchezo unaochezwa baada ya kulipa, kwa hiyo hivyo ndivyo ninavyoviweka hapa.

Tangazo liliahidi mambo manne: matundu ya USB 3.0, HDMI ya 4K kwa hezi 60 (yaani picha 60 kwa sekunde), intaneti ya waya ya gigabiti 1, na kuchaji kwa wati 100. Kwa mwenye laptopi nyembamba ya matundu mawili, au kishikwambi chenye tundu moja, hiyo ndiyo habu anayoitafuta. Iliponifikia ilikuwa nzuri kwa macho: bodi ya alumini, maandishi yamechapwa vizuri, boksi safi. Katika ahadi zote nne haikutimia hata moja.

Nianze na USB, kwa sababu hapo uongo unaonekana kwa macho na huhitaji kifaa chochote. Washa tochi ya simu uchungulie ndani ya lile tundu la mstatili, la kuchomekea flashi. Kuna kiulimi cha plastiki. Tundu la USB 3.0 halisi lina pini 9: nne ni zilezile za USB 2.0, zimenyanyuka kidogo kwa ndani, na nyingine tano ndogo zimelala ukingoni mwa kiulimi, karibu na mdomo wa tundu. Hizo tano ndizo zinazobeba kasi. Kwenye habu yangu kiulimi kilikuwa cha bluu safi, ile bluu ambayo wengi wetu tumezoea kuiamini, na pini zilikuwa nne basi. Ukingoni plastiki tupu.

Kwa hiyo rangi isikudanganye. Bluu ni desturi tu ya watengenezaji, na plastiki ya bluu haina gharama yoyote ya ziada. Pini ndizo za kuhesabu.

Tofauti yake kwenye kazi si ndogo. USB 2.0 mwisho wake ni megabiti 480 kwa sekunde, USB 3.0 ni gigabiti 5. Ukiwa na diski ya SSD, faili la gigabaiti 20 linalopaswa kuhama ndani ya dakika moja litakuweka pale dakika tisa, kumi. Anayehamisha video kila siku anajua hiyo ni nini.

Nilipomwandikia muuzaji akajibu kwamba habu yake ni "USB 3.2", eti mpya kuliko hiyo 3.0 ninayoidai. Hapa watu wengi wanapigwa, na kusema kweli lawama nyingine ni ya walioandika viwango. USB 3.0 ya mwaka 2008 ilibatizwa upya ikaitwa 3.1 Gen 1, kisha ikaitwa tena 3.2 Gen 1, na kasi ni ileile ya gigabiti 5. Ukiona "USB 3.2" bila tarakimu ya gigabiti, hujaambiwa kitu. Dai namba ya kasi kwa kila tundu, kwa maandishi, ndani ya ukurasa wa duka. Muuzaji mkweli huwa nayo tayari.

HDMI ndiyo iliyonikera zaidi. Picha ilitoka, ni 4K kweli, ila kwa hezi 30. Mshale wa kipanya unaburuzika, ukishusha ukurasa maandishi yanarukaruka, na jioni macho yamechoka. Hapa nitende haki kidogo, kwa sababu si kila hezi 30 ni wizi. Waya wa USB-C una njia nne za kasi. Habu ya USB 3.0 ya kweli kwa kawaida huchukua mbili kwa ajili ya data na kuacha mbili kwa picha, na kama laptopi yako ni ya zamani, yenye DisplayPort 1.2 (kiwango cha zamani cha kutoa picha), njia mbili hazitoshi 4K kwa hezi 60. Hapo kikomo kiko kwenye mashine yako. Vilevile kuna laptopi na vishikwambi ambavyo tundu lake la USB-C halitoi picha kabisa, na hakuna habu ya kawaida itakayolazimisha. iPad ya kizazi cha 10, ya mwaka 2022, ina USB-C lakini data yake ni ya kasi ya USB 2.0 na picha ya nje ni 4K kwa hezi 30. Soma kwanza maelezo ya mashine yako ndipo umshike mtu shati.

Lakini utetezi huo kwa habu hii haupo. Data yake ni USB 2.0, na USB 2.0 ina nyaya zake pembeni, haigusi zile njia nne. Maana yake zote nne zilikuwa huru kwa picha, na hezi 60 zingepita bila tabu hata kwenye laptopi ya zamani. Kilichozuia ni chipu ya bei rahisi ya HDMI iliyowekwa ndani. Yaani wametunyima kasi ya data, na kile ambacho tungepata kama fidia nacho wametunyima. Kuna habu halali zinazouzwa wazi kama USB 2.0 zenye 4K ya hezi 60, na kwa mtu wa kibodi, kipanya na monita zinafaa kabisa. Kosa ni kuandika kisichokuwamo.

Intaneti ya waya niliithibitisha kwa haraka. Kwenye Windows fungua orodha ya vifaa vya mtandao usome jina la chipu. Chipu za Realtek, ambazo zimo kwenye habu nyingi sana, zikiandikwa "GbE" ni gigabiti 1. Yangu iliandikwa "FE", maana yake megabiti 100, sehemu ya kumi ya kilichoahidiwa.

Sasa umeme. Hapa tumeshatoka kwenye usumbufu, tunazungumzia hatari. Wati 100 kwenye USB-C ni volti 20 kwa ampea 5, na waya wa kupitisha zaidi ya ampea 3 lazima uwe na chipu ya kuutambulisha. Habu nayo hula sehemu ya umeme kwa matumizi yake, ndiyo maana wauzaji wakweli huandika mfano "inaingia 100, inatoka 85". Anayekuahidi 100 ndani na 100 nje anakudanganya. Yangu ilikuwa inapata moto kiasi cha kutoshikika, na laptopi ikalalamika kwamba chaja ni dhaifu wakati chaja hiyohiyo ikichomekwa moja kwa moja inafanya kazi vizuri. Niliichomoa na sijairudisha tena. Mnaodhani naongeza chumvi, mwaka 2016 mhandisi wa Google, Benson Leung, aliyekuwa akipima nyaya za USB-C zinazouzwa mtandaoni, alichomeka waya mmoja ambao ndani yake nyaya za umeme na ardhi zilibadilishana nafasi. Uliiharibu laptopi yake pamoja na vifaa vyake vya kupimia. Mwaka huohuo Amazon ilipiga marufuku kwenye duka lake nyaya za USB-C zisizofuata kiwango. Sasa habu inakaa katikati ya chaja na mashine yako yote, na ndani ina mengi zaidi ya kukosewa kuliko waya.

Sasa mchezo wenyewe ukilalamika. Kwanza ni upole mwingi: samahani rafiki, jaribu waya mwingine, jaribu kompyuta nyingine, tuma video. Ukituma, wanaomba video nyingine. Kila jibu linachelewa, na saa ya kurudisha bidhaa inakimbia. Kisha linakuja kiungo cha kupakua "programu ya habu". MSIPAKUE. Habu ya aina hii ya USB, HDMI na kuchaji haihitaji programu ili matundu yafanye kazi. Zinazohitaji ni zile za DisplayLink, teknolojia inayopitisha picha kwa msaada wa programu, na programu yake unaichukua kwenye tovuti rasmi ya DisplayLink, wala si kwenye kiungo cha mtu usiyemjua.

Ukikataa wanafika kwenye ofa: tutakurudishia nusu ya pesa leo, ila funga malalamiko kwanza na utuwekee nyota tano. Usifunge chochote kabla pesa haijaingia yote. Majukwaa mengi malalamiko yakishafungwa hayafunguki tena, na hiyo nusu hutaiona. Wakikuambia mhamie WhatsApp, kataa, mazungumzo yabaki ndani ya duka ambako msuluhishi atayasoma. Kama ulilipa kwa kadi, benki yako nayo ina utaratibu wa kupinga malipo, na una kikomo chake cha muda. Uliza mapema.

Mtauliza, mbona tangazo lilikuwa na nyota nyingi? Nilirudi kuyasoma maoni ya zamani taratibu. Mengi yanasifu kava la simu! Ukurasa ulikuwa wa bidhaa nyingine kabisa, wakabadilisha picha na jina wakabaki na nyota. Mbinu hii si ngeni, mwaka 2023 mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, iliilazimisha kampuni ya vitamini kulipa kwa kuunganisha bidhaa tofauti ili zirithi maoni ya nyingine. Kwa hiyo soma maoni ya nyota moja na mbili, yenye picha, ya hivi karibuni.

Jingine la kuangalia, hasa wenye MacBook: matangazo ya habu yenye HDMI mbili au tatu. Habu nyingi za namna hiyo hugawa picha kwa njia ambayo macOS haiitumii kutanua skrini, hivyo monita zako zote mbili zitaonyesha kitu kimoja. Kwenye Windows zinaweza kufanya kazi vizuri, na muuzaji kwa makusudi haandiki tofauti hiyo.

Malalamiko yangu yako kwa msuluhishi wa duka, na picha ya zile pini nne ndiyo ushahidi wangu wa kwanza. Aliye na habu aliyonunua karibuni na bado yuko ndani ya muda wa kurudisha, aichungulie leo. Ukikuta bluu yenye pini nne tu, piga picha, iweke hapa pamoja na picha ya tangazo, tuwe nazo nyingi.