Kisumu hadi Nairobi kwa ndege: usihesabu dakika za angani peke yake

Ukiingiza Kisumu na Nairobi kwenye tovuti za kupima umbali, nyingine zitakwambia ndege ni dakika ishirini na kitu. Usizipangie mkutano. Umbali wanaotaja ni sawa, kama kilomita 280 kwa mstari ulionyooka hadi JKIA, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi. Kasoro iko kwenye mwendo: wanapiga hesabu ya jeti inayokimbia kilomita 800 kwa saa tangu inapoacha ardhi. Mimi nilipanda ya mapangaboi, ambayo haijakaa sawa huko juu ikaanza kushuka. Kupaa hadi kutua, weka dakika 45.

Lakini hizo dakika ni tamu. Ukienda Nairobi, omba kiti cha dirishani upande wa kushoto. Unaacha ziwa, mara mashamba ya chai ya Kericho, kisha msitu wa Mau, halafu nchi inakatika ghafla na Bonde la Ufa liko chini yako. Kukiwa hakuna mawingu unaona Ziwa Naivasha, na mlima wa volkano wa Longonot, kinywa wazi.

Muda unapotelea chini. Kisumu hakuna shida sana, uwanja uko hapo tu barabara ya Busia, na ndege unaiendea kwa miguu. Foleni ya ukaguzi ndiyo ilikwama kidogo: mama mbele yangu alikuwa na katoni ya samaki, ameizungushia selotepu mpaka hata jina lake halisomeki, na anataka kuingia nayo ndani. Walibishana weee, mwishowe samaki wakaenda chini na mizigo mingine. (Nani huenda Nairobi mikono mitupu?)

Ukifika JKIA ngoja begi, kisha Mombasa Road. Ukitua jioni, jamu yaweza kukula muda kuliko ndege yenyewe. Heri ulipie barabara ya juu. Mlango kwa mlango, ni kama saa nne.

Hata hivyo, ndege naisifu. Kwa barabara ni karibu kilomita 350 kupitia Ahero, Kericho na Nakuru, na malori ya kuanzia Mau Summit mnayajua. Saa saba ni bahati. Ila chukua ndege ya asubuhi. Alasiri mawingu hujikusanya upande wa ziwa na milimani, ndege ikatikiswa au ikachelewa kabisa.

Wa Nakuru wanaouliza kama inawafaa: hapana. Utashushwa Nairobi halafu urudi kilomita 160 kwa matatu, na basi la Kisumu lingekuacha mjini kwenu. Anayekwenda Desemba akate tiketi mapema, la sivyo akiona nauli atapanda basi la usiku mwenyewe bila kushauriwa.