jamovi kwa takwimu za mashamba ya Nyanda za Juu Kusini: urahisi wake na mahali unapokwaza

Kwa wanafunzi wa kilimo na maofisa ugani wa Mbeya, Njombe na Iringa wanaotaka kuchambua takwimu za majaribio yao bila kulipia leseni, jamovi ni programu ninayoipendekeza kwa moyo mmoja, ingawa kuna jambo moja katika mpangilio wake ambalo naona linastahili kurekebishwa. Ni ya bure, imejengwa juu ya R, lugha ya kompyuta ya kuchambulia takwimu, na ikishawekwa kwenye kompyuta hufanya kazi bila intaneti, sifa ambayo mtu anayeingiza mavuno ya viazi mviringo akiwa Umalila au Makete ataithamini kuliko nyingine zote.

Dirisha lake halimtishi mgeni. Data hukaa kushoto kama katika jedwali la Excel, matokeo hukaa kulia, na kila uchambuzi hufunguka ukiwa na visanduku vichache: mavuno unayaweka kimoja, aina ya mbolea unaiweka kingine, na jedwali la ANOVA, yaani uchambuzi unaopima kama wastani wa makundi unatofautiana kweli, linatokea papo hapo. Ukisahihisha tarakimu iliyokosewa, matokeo yote hubadilika yenyewe. Mambo ya ziada, kama vile kulinganisha wastani wa mbolea moja na nyingine kwa njia ya Tukey au Bonferroni, yamefungwa chini ya vichwa vinavyokunjuliwa kwa kubofya, na asiyeyahitaji hayamsumbui. Faili moja huhifadhi data, matokeo na machaguo yote, hivyo msimamizi wa utafiti akibofya jedwali la msimu uliopita huona hasa mwanafunzi wake alichagua nini.

Kasoro iko kwenye kichwa kiitwacho Model, ambacho nacho hufunguka kikiwa kimekunjwa. Chukua jaribio la kawaida katika miteremko yetu: mbolea aina nne, bloku (makundi ya vitalu) tatu zilizopangwa kufuata mwinuko wa shamba, na kitalu kimoja kwa kila mbolea katika kila bloku, jumla vitalu 12. Ukiingiza mbolea na bloku pamoja, jamovi huongeza yenyewe mwingiliano wa viwili hivyo, yaani namna athari ya mbolea inavyobadilika kutoka bloku hadi bloku. Kati ya nafasi 11 za ulinganisho (degrees of freedom) zilizopo, yaani vitalu 12 kutoa kimoja, mbolea huchukua 3, bloku 2, na mwingiliano 6. Hakuna inayobaki ya kupimia hitilafu ya jaribio, na thamani ya F, inayolinganisha tofauti za mbolea na hitilafu hiyo, haiwezi kukokotolewa. Dawa yake ni kufungua Model na kuuondoa mwingiliano, ili zile 6 zirudi kuwa kipimo cha hitilafu. Ni kazi ya sekunde chache kwa anayejua, lakini asiyejua hudhani data zake ni mbovu, na wengine huamua kuiondoa bloku kabisa, jambo ambalo huitupa tofauti ya rutuba kati ya juu na chini ya mteremko ndani ya hitilafu.

Sidai kila kitu kiwekwe wazi, maana hapo tungerudi kwenye msongamano uliowafanya watu wazikimbie programu nyingine za takwimu. Ila chaguo la kupamba grafu na chaguo linaloamua jibu lenyewe havilingani uzito, na jamovi imevificha kwa namna ile ile.

Kwa mtafiti aliyekomaa, njia haijafungwa. Kwenye vitone vitatu vya kona ya juu kulia kuna Syntax mode, ambayo huonyesha maagizo ya R ya kila uchambuzi. Unaweza kuyanakili, kuyatumia ndani ya R kwa msaada wa pakeji ya jmv, na kujifunza taratibu. Moduli (nyongeza ya programu) ya GAMLj nayo huongeza modeli mchanganyiko kwa anayetaka kuzihesabu bloku kuwa athari za kinasibu, yaani kama sampuli tu ya bloku nyingi zinazowezekana, na moduli za namna hiyo zinafaa kupakuliwa mapema, ungali mjini kwenye mtandao wa uhakika.

Mwalimu atakayeifundisha aanze na Model kabla ya kugusa Tukey. Watengenezaji nao wangefanya vyema kukiacha kichwa hicho wazi kila mara vigezo vinapokuwa viwili au zaidi.