Kozi ya Kikapampangan kwenye simu: uzoefu wangu wa miezi miwili

Mi niko Doha, jiko la hoteli, na jikoni kwetu karibu nusu ni Wafilipino. Kuna dada mmoja anatengeneza keki, wenzake wote wanamwita Ate, ila alishaniambia kwao Pampanga, mkoa wa Ufilipino wanakoongea Kikapampangan, dada mkubwa ni Atsi na ile Ate ni Kitagalogi, sa nikaona ngoja nijifunze hiyo lugha ya kwao kabisa, nikalipia kozi moja ya kwenye simu riali 60, ina kadi za picha, sauti na vijistori vya mila na mazingira.

Kwa kweli kilichoninogea ni hayo mazingira. Ukifika kwenye danum (maji) na uran (mvua) unaonyeshwa mlima Arayat, mita 1,026, umekaa peke yake katikati ya tambarare la mpunga, halafu wanakuleta Pinatubo, ile volkano iliyolipuka Juni 15, 1991, kumbe mlipuko ulikuwa mwanzo tu, mvua za miaka iliyofuata ndo zikawa zinashusha tope la majivu mpaka kanisa la Bacolor likafukiwa nusu, yaani ukishasoma hiyo neno uran halikutoki tena. Na wali jamani! Kwao ni "pale" ukiwa bado mpunga, "abias" ukiwa mchele, "nasi" ukishaiva, vilevile kama sisi, hapo sikuhangaika hata dakika. Kuna na kamaru, wadudu wanaochimbwa kwenye majaruba wanaungwa na siki na kitunguu swaumu, wenzangu wa chumbani wakakunja sura, mi mtu wa Bukoba nikawa nawaza senene tu.

Sa kero. Kadi ya ebun wameweka picha ya ndege. Siku hiyo njiwa katua dirishani pale jikoni, nami kwa mbwembwe zote nikamwambia Atsi "ebun!", akaenda akaniletea trei ya mayai akaniuliza mangapi. Ebun kwao ni yai! Ndege ni ayup, aliyetengeneza kadi kachanganya na Kitagalogi ambako ibon ndo ndege, na hiyo ayup yenyewe inafanana na hayop ya Kitagalogi ambayo ni mnyama, kwa hiyo we mgeni utapotea tu. Nimewaandikia mara mbili, wananirudishia ule ujumbe wa kujituma wenyewe.

Ila sijutii hela yangu, maana nimejua hadi kwa nini Ali wetu, jamaa wa Pemba, kila Atsi akiongea na simu anageuka kuitika. "Ali" kwao ni hapana, na mwanae anaomba vitu vingi.

Nimewapa nyota 3, wakirekebisha lile yai nitarudi kuongeza ya nne.