Albamu mbili za mchezo uliozama: ununue ya 1981 au ya 2023?

Asalaam aleikum jamani, karibuni tena darini kwetu, Lamu. Upepo wa kusi umekaza leo, kwa hivyo mkisikia kitu chavuma msiilaumu simu yangu, ni makuti. Punda wa jirani mshamzoea.

Leo sina spika wala vipokea sauti vya kuwachambulia. Nina albamu mbili za mchezo mmoja wa kuimba, Merrily We Roll Along, wa Stephen Sondheim. Moja ilirekodiwa 1981, nyingine 2023. Na nazichambua kwa sababu nimechoka. Kila jioni pale Mkunguni, mbele ya ngome, sisi wanne watano tunaopenda mambo ya jukwaani tukikaa na kahawa zetu, ugomvi ni huo huo: mchezo ulioanguka vile ulifufuliwa wa nini? Wazee wa bao wametuhamia upande wa pili.

Kwa asiyejua, mchezo huu ulifunguliwa Broadway, mtaa wa majumba makubwa ya michezo ya jukwaani kule New York, Novemba 1981. Sondheim alitunga nyimbo, George Furth akaandika hadithi na mazungumzo, Harold Prince akauongoza. Sondheim na Prince hawakuwa watu wa kubahatisha. Tangu 1970 walikuwa wakitoa kazi juu ya kazi, Company, Follies, hadi Sweeney Todd ya 1979. Ukisikia wawili hao wako pamoja, unakata tikiti kwanza, mchezo wahusu nini utauliza baadaye.

Basi huu ulidumu maonyesho 16. Kumi na sita! Hata wiki mbili hazikutimia. Na kabla ya kufunguliwa rasmi kulikuwa na maonyesho ya majaribio zaidi ya 40, watu washalipa, wamekaa, na huku nyuma kila kitu kinabadilishwa: nyimbo, mavazi, mtunzi wa ngoma, hata kijana aliyekuwa anacheza mhusika mkuu. Watazamaji wakawa wanainuka katikati wanakwenda zao. Sondheim na Prince hawakutoa mchezo mpya pamoja tena mpaka 2003.

Sasa hadithi yenyewe. Marafiki watatu: Frank mtunzi wa muziki, Charley mtunzi wa maneno, Mary mwandishi. Inasimuliwa kinyumenyume. Unaanza na Frank ana mali, anatengeneza filamu Hollywood, na urafiki umekufa. Kila onyesho miaka inarudi nyuma, mpaka, kwa toleo hili la sasa, unafika usiku mmoja wa 1957, vijana wako juu ya dari la nyumba New York wanatafuta angani ile setilaiti ya Warusi, Sputnik, na hawajui lolote litakalowapata. Wewe mtazamaji unajua lote. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, ila hapa ukirudi ngamani ndiyo unakuta chombo kingali kipya.

Ilizamaje, basi? Prince alichukua vijana, wengine hata miaka 20 hawajatimiza, akawapa kucheza watu wa makamo wenye talaka na ulevi. Jukwaa likafanywa kama ukumbi wa mazoezi ya viungo wa shule. Watazamaji wakapotea, huyu nani, yule mke wa nani, ikabidi waigizaji wavikwe fulana nzito zilizoandikwa kifuani yeye ni nani. Fikiria. Umelipa pesa zako Broadway unasoma vifua vya watu.

Mimi hapa sicheki sana, maana nilikuwamo. Si Broadway, kwenye mashindano ya drama ya shule. Nina miaka kumi na sita, nimepewa kuwa babu: ndevu za pamba, unga kichwani, bakora. Nikafikia pale babu anamzika mwanawe, maneno mazito kweli, pamba ikaningia kinywani. Ukumbi mzima ukacheka, na nyuma nikasikia mtu anasema, "Huyo babu amenyoa kwapa lini?" Hatukuvuka ngazi ile. Mwandishi wa mchezo, mwalimu wetu, alikaa wiki nzima hasemi na mtu. Na maneno yake yalikuwa mazuri! Nikiyasoma leo bado mazuri. Kosa lilikuwa pamba.

Ngojeni kidogo, adhana.

Haya. Albamu ya kwanza. Ilirekodiwa mara tu baada ya mchezo kufungwa. Yaani wale watoto wameambiwa basi, mmekwisha, halafu wakaingizwa studio wauimbe wote. Na unasikia. Sauti si za kupimapima, zinakwenda mbele zote pamoja, kama watu wanaosukuma ngarawa maji yametoka. Tarumbeta zinaruka. Mpangaji wa ala, yule anayegawia kila ala sehemu yake ya kupiga, ni Jonathan Tunick, mshikeni jina hilo. Ubaya wake: nusu ya kwanza. Kijana anaimba juu ya ndoa iliyovunjika na mimi namsikia pamba kinywani. Anatamka vizuri, noti kaipata, lakini hajaachwa na mtu bado.

Albamu ya pili ni ya ufufuo ule ulioongozwa na Maria Friedman. Yeye aliuandaa kwanza London, kwenye ukumbi mdogo, 2012, halafu safari ikafika Broadway, Hudson Theatre, Oktoba 2023. Frank ni Jonathan Groff, Charley ni Daniel Radcliffe, ndiyo, yule mtoto wa uchawi wa filamu za Harry Potter, na Mary ni Lindsay Mendez. Ulidumu mpaka Julai 2024 na ukachukua Tony nne, zile tuzo kubwa za Broadway: ufufuo bora, Groff, Radcliffe, na mpangaji wa ala. Nani? Tunick yule yule. Miaka 42 anangoja nyimbo zile zile! Sondheim mwenyewe hakuiona siku hiyo, alifariki Novemba 2021.

Ukitaka kuipima, nenda moja kwa moja kwenye wimbo wa Charley pale kwenye mahojiano ya televisheni. Anaanza kwa mzaha, anaigiza simu inavyolia na taipureta inavyogonga, anamcheka rafiki yake aliyegeuka kuwa kampuni, na mzaha unamponyoka mpaka anamaliza urafiki mbele ya nchi nzima. Radcliffe hana sauti kubwa, niseme kweli. Lakini pumzi! Maneno yanamtoka kama mtu anayekimbilia boti ya Mokowe na huku bado anataka kumwambia mkewe neno. Nilisikiza kwa spika ya simu nikaona wa kawaida. Nikavaa vipokea sauti nikasimama. Kwa hivyo shauri la kwanza la kibidhaa: msiisikize kwa spika ya simu, mtakuwa mmetupa pesa.

Halafu Groff. Mpole, ana sauti tamu, na ndipo hila ilipo. Frank ukimfanya mbaya tangu mwanzo, unaondoka. Huyu unampenda huku anakuudhi, kama binamu anayekopa.

Na kuna wimbo mmoja unaosikika mara mbili. Mara ya kwanza ni talaka. Baadaye sana, kwa kuwa tunarudi nyuma, ni harusi, na sauti ni ile ile. Sasa wewe umekaa harusini unaijua talaka. Nilimsikizisha mamangu, asiyejua Kiingereza cha nyimbo, nikamwelezea tu. Akasema, "Kumbe ni mapenzi haya haya." Akarudi kwenye samaki wake.

Turudi barazani. Ami yangu, nahodha mstaafu, ndiye anayeshikilia kwamba ufufuo ni udanganyifu. Hoja yake: wimbo wa mwanzo wa mahafali ya shule waliutoa, wimbo wa karamu ya Frank akiwa tajiri wakauandika upya, wakaongeza mwingine. "Chombo kimepanda fungu, mkabadili mbao, mkabadili tanga, halafu mwaniambia ni kile kile?" Nikamwambia, ami, mkuku ni ule ule, na waliobadili mbao ni waliouunda. Kweli kabisa: Sondheim na Furth wenyewe waliurekebisha miaka ya themanini na tisini, California, Uingereza, kila ulipotengenezwa. Mafundi wa majahazi wa Matondoni wakimrudishia mwenyewe jahazi lake lina mbao mpya, nani humwambia si lake? Ami akanywa kahawa. Hakukubali, alinywa tu.

Rafiki yetu mchongaji milango ana lake, nami nalipenda zaidi. Yeye asema mlango ukikataa kufunga, fundi mjinga anaranda mlango. Fundi mwenyewe anatazama ukuta kwanza. Nyimbo ndizo mlango. Ukuta ulikuwa umri wa waigizaji.

Mimi niko naye, na sitaki kuzunguka. Ufufuo ulistahili. Si kwa sababu ya Tony, hizo zinatolewa kila mwaka. Ulistahili kwa sababu watu wazima walipewa maneno ya watu wazima. Hata Marekani wameliona hilo: kuna filamu ya mchezo huu inayopigwa kidogokidogo kwa miaka 20 na mwongozaji Richard Linklater, ili waigizaji wakina Paul Mescal wazeeke kweli mbele ya kamera. Hakuna pamba. Mimi sijui nitakuwa wapi ikitoka, labda nitakuwa babu kwa haki.

Lakini. Dada mmoja wa kikundi chetu, mwalimu, amenikaba kwa hoja nisiyoweza kuitoka. Aliniuliza: mchezo unaishia wapi? Darini, nao ni vijana. Sasa pale mwisho nani anadanganya? Groff alizaliwa 1985. Anaimba vizuri mno, lakini ni mtu anayekumbuka kuwa kijana. Wale wa 1981 hawakuwa wanakumbuka. Walikuwa ndio vijana wenyewe, na kazi yao imefungwa, na wanaimba kwamba wakati ni wao, kwamba mambo ndio kwanza yanaanza. Nilikwenda nikausikiza huo wimbo wa darini hapa hapa nilipokaa, usiku, nyota zimejaa, taa za Shela kule. Sikuweza kumjibu kwa siku mbili.

Kwa hivyo bei na vipimo. Ukiwa na pesa za albamu moja, nunua ya 2023, sikiza kwa mpangilio, usirukeruke, maana ukichanganya nyimbo hadithi inakufa. Ukifika wimbo wa darini, simamisha. Nenda kwenye ya 1981 ununue huo mmoja peke yake, umalizie nao. Ami nimemwambia mpango huu jana, akasema huo ndio udanganyifu mkubwa zaidi, kuunganisha omo ya chombo hiki na tezi ya kile.

Simu inafika asilimia sita, na kahawa Mkunguni ishamiminwa. Nakwenda kugombana.